Kuunda Chevrolet Bel Air ya 1957 kwa kipimo cha 1/25, hatua kwa hatua

Bel Air ya 1957 ina urefu wa mita 5.08. Ukigawa kwa 25 unapata milimita 203: gari zima, mapezi yake (yale mabawa yaliyoinuka nyuma) na bampa zake, linalala juu ya viganja viwili. Hesabu hiyo ya kugawa kwa 25 nitairudia mpaka mwisho wa mwongozo huu, kwa sababu modeli nyingi za wanaoanza huharibika pale mtu anaposahau kugawa. Umbo la plastiki kiwanda kimeshalipunguza. Unene wa rangi, mwanya wa mlango, waya wa plagi na upana wa mkanda mweupe kwenye tairi ni juu yako wewe uliyekaa mezani na kisu.

Kazi hii nilijifunza Michigan, nilikoishi miaka kadhaa, na sasa naifanya Tanga, ambako hewa ya bahari ina masharti yake. Nitayaeleza tukifika kwenye rangi. Nimechagua Bel Air ya 57 kwa kuwa nalipenda gari hili kuliko yote yaliyotoka Detroit, na pia kwa sababu ni mwalimu mzuri: lina kromu nyingi, lina dhahabu, lina rangi mbili, na picha zake zimejaa kila mahali, kwa hiyo ukikwama huchelewi kupata jibu.

Kuchagua seti

Modeli za plastiki za magari ya Marekani huja hasa kwa vipimo viwili, 1/25 na 1/24. Hicho cha 1/25 kimetoka kwenye viwanda vyenyewe vya magari na vigari vya matangazo ambavyo wauzaji waliwapa wateja wao. AMT, kifupi cha Aluminum Model Toys, ilianza huko huko Michigan mwaka 1948 kwa kutengeneza vigari hivyo, na mwaka 1958 ikatoa seti za "tatu kwa moja", ambazo mnunuzi aliweza kuziunda kama gari la dukani, gari lililobadilishwa kwa mapenzi ya mwenyewe, au gari la mashindano. Monogram walishika 1/24. Revell wametoa Bel Air ya 57 zaidi ya mara moja.

Usichanganye vipimo. Tofauti yake inaonekana ndogo ukiitaja, lakini Bel Air hiyo hiyo kwa 1/24 ina milimita 212. Magurudumu ya 1/24 ukiyatia kwenye bodi la 1/25 gari linakuwa kama limevaa viatu vya kuazima.

Kwa mara ya kwanza chukua seti yenye milango iliyofungwa na boneti inayofunguka. Revell waliwahi kutoa Bel Air ambayo milango na buti hufunguka. Ni seti ya kuvutia, lakini kila mlango unataka bawaba iliyokaa sawasawa na mwanya unaolingana pande zote, na fundi mpya humaliza nguvu zake hapo kabla hajagusa rangi.

Vifaa

Huhitaji karakana. Tafuta kisu chembamba chenye nyembe za ncha, zile za namba 11, na uwe nazo nyingi, maana wembe butu huchana foili (karatasi nyembamba ya chuma ya kubandika) badala ya kuikata. Nunua msasa wa maji wa 400, 600, 1000 na 2000. Gundi nyepesi ya plastiki inayopakwa kwa brashi, kama Tamiya Extra Thin. Gundi nyeupe ya mbao kwa ajili ya vioo. Masking tepu nyembamba ya wana modeli. Kibanio cha ncha kali. Na keekee ndogo ya kushika kwa vidole yenye biti za milimita 0.3 hadi 0.5. Vibanio vya nguo na vijiti vya meno unavyo tayari nyumbani.

Rangi ndiyo shida kwa aliye Afrika Mashariki. Seti utaagiza na itafika, lakini makopo ya kupuliza hayapokelewi kwenye vifurushi vya ndege kwa sababu ya gesi iliyomo. Nenda duka la rangi za magari. Watakuchanganyia rangi na kukuuzia praima, na kama huna brashi ya hewa wapo wanaojaza kwenye kopo. Ila thina ya rangi za magari ni kali na inaweza kula plastiki ya modeli. Jaribu kwanza kwenye kijiko cheupe cha plastiki: praima, rangi, klia (ile ya juu isiyo na rangi), mpango mzima. Kijiko kikitoka salama, bodi nalo litatoka salama. Kikivimba au kikitoa nyufa kama za tope lililokauka, umeokoa seti yako kwa bei ya kijiko.

Hatua ya 1: Osha

Plastiki inapotoka kwenye kalibu huwa na mafuta juu yake. Osha bodi na fremu zote za vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini, suuza, acha vikauke vyenyewe. Vile vya kromu vioshe kwa upole bila kusugua.

Bel Air yangu ya kwanza sikuiosha. Niliipuliza ikapendeza, nikaifunga tepu ili nipige rangi ya pili, na nilipoibandua tepu, buluu ya ubavuni ikatoka nayo kipande kizima, kuanzia mlango mpaka kwenye pezi. Nilikaa nikikitazama kipande kile kimening'inia kwenye tepu. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa rangi za magari hapa Tanga, na utotoni nilishamwuliza, "Mjomba, mbona mashine umeiwasha na hupulizi?" Akaniambia, "Mwanangu, nipulize nini na gari halijaoshwa?" Siku ile ndipo nilipomwelewa.

Hatua ya 2: Kusanya picha za gari lenyewe

Picha za modeli za watu wengine ziache. Utarithi makosa yao. Tafuta za gari halisi. Mimi nilipata bahati ya kuhudhuria Woodward Dream Cruise, maonyesho ya barabarani yanayofanyika kila Agosti tangu 1995 kwenye Woodward Avenue, kutoka Ferndale hadi Pontiac, nje ya Detroit. Magari ya zamani hupita pole pole kutwa nzima, na mengine huegeshwa boneti wazi. Nilichuchumaa mbele ya Bel Air moja ya buluu nikapiga picha vitu ambavyo hakuna anayevipiga: ukingo wa mpira wa mlango, kivuli kilicho chini ya bampa, mahali nyaya zinapoingilia ukutani nyuma ya injini.

Kabla hujaanza, fahamu ni Chevrolet ipi unayoiunda. Mwaka 1957 kulikuwa na ngazi tatu: One-Fifty ya chini, Two-Ten ya kati, na Bel Air ya juu. Bel Air utaitambua kwa bamba la alumini lenye mistari myembamba lililojaza ule mkanda wa ubavu wa nyuma. Kwenye Two-Ten ya rangi mbili sehemu hiyo ilipakwa rangi. Grili ya Bel Air ni ya dhahabu, na vivyo hivyo maandishi yake na vile vishale vitatu kwenye kila mudgadi wa mbele. Nimeona modeli zilizoundwa kwa ustadi mkubwa zikiwa na grili ya fedha na jina la Bel Air ubavuni, na macho ya anayelijua gari hili hayaondoki hapo.

Hatua ya 3: Andaa bodi

Hapa tumia siku nyingi kuliko popote. Kalibu hufungwa kwa vipande, na panapokutana vipande hivyo hubaki uzi mwembamba juu ya plastiki. Kwenye Bel Air uutafute juu ya mapezi, juu ya mudgadi za mbele na kwenye nguzo za paa. Pitisha kidole ukiwa umefumba macho. Kidole huona kabla ya jicho. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, kisha piga msasa wa 400, halafu 600, ukiwa na maji. Palipo na vishimo vidogo weka pati, acha usiku mzima, sawazisha.

Sasa mianya ya milango na buti. Kwenye gari halisi mwanya una kama milimita 5. Gawa kwa 25, unapata 0.2. Kiwanda huwa kimeuchora, ila hauendi chini vya kutosha, na rangi ikiingia hujaa. Geuza kisu, tumia mgongo wa ncha yake, uvute taratibu ndani ya mstari mara tano, sita, bila kukandamiza. Unachotafuta ni kina, upana uache ulivyo. Mkono ukiteleza ukachora nje ya mstari, tia pati palepale na uendelee.

Hatua ya 4: Funga gari zima bila gundi

Wengi huruka hatua hii, kisha hulia mwishoni. Kwa tepu na vibanio vya nguo, kusanya chesi, sakafu na viti, injini, rejeta, vioo na bodi. Angalia boneti: inafunga injini ikiwa ndani? Sakafu inakaa chini ya kioo cha mbele bila kukisukuma? Pima ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Gari halisi lina inchi 115, sawa na milimita 2,921, kwa hiyo kwenye modeli iwe karibu 117. Weka yote juu ya kipande cha kioo na utazame kama matairi manne yanagusa. Rekebisha sasa, plastiki ikiwa tupu. Rangi ikishaingia, kila kosa litakugharimu mara mbili.

Hatua ya 5: Maandishi kabla ya rangi

Jina la Chevrolet kwenye boneti na Bel Air ubavuni vimeinuka kwa unene wa nywele. Kuvipaka kwa brashi ni kazi ambayo hata mkono uliotulia huiharibu. Njia niipendayo ni hii. Kabla ya rangi, baada ya praima, kata kipande kidogo cha foili ya kubandika ya wana modeli, kifunike maandishi, kigandamize kwa kijiti cha meno kilichopondwa ncha mpaka kila herufi ionekane, halafu kata ziada karibu kabisa na herufi. Pulizia rangi juu yake kama hakuna kitu. Saa moja baada ya tabaka la mwisho la rangi, chovya kijiti kwenye thina, kikaushe kwenye kitambaa kibaki na unyevu tu, ukipitishe juu ya herufi kwa wepesi. Rangi inatoka juu, foili inang'aa, na pembeni ya herufi rangi inabaki palepale. Mara ya kwanza nilipoona "Bel Air" ikitokea herufi moja moja kutoka kwenye buluu, nilimwita mke wangu aje aone.

Hatua ya 6: Rangi

Rangi ya gari halisi ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Gawa kwa 25 na utaona kwamba hakuna kopo linaloweza kufika huko. Unachoweza ni kukaribia: tabaka chache, nyembamba, na msasa katikati. Rangi nene huzika vishale, huviringisha kingo za mapezi, na gari linaonekana kama limechovywa kwenye asali.

Weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi (kamwe usiliweke karibu na moto) ili rangi itoke laini. Puliza ukiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi, uanzie nje ya bodi na kumalizia nje. Praima kwanza, tabaka mbili nyepesi, acha siku nzima, pitisha msasa wa 1000 na maji. Halafu rangi: tabaka mbili za kuvumbika tu, zilizopishana dakika 15, kisha moja ya majimaji inayolala kwa pamoja. Kazi hii ifanyie mahali pa wazi ukiwa na barakoa ya mvuke wa kemikali, ile yenye vichujio vya kaboni. Barakoa ya kitambaa haikusaidii chochote.

Sasa wa pwani tusikilizane. Ukipuliza hewa ikiwa na unyevu mwingi, thina inapopaa huipoza rangi, maji ya hewani yanatua juu yake, na kesho yake unakuta ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Tanga mimi napuliza kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku ya jua, na masika nafanya kazi za injini. Ukungu ukikupata, usikwangue. Subiri siku kavu upulizie vumbi jepesi la rangi ile ile au klia; mara nyingi tabaka jipya huilainisha ya chini na ukungu ukatoweka.

Kwa rangi mbili, mchanganyiko wa kiwandani ninaoupenda ni Larkspur Blue mwilini na India Ivory juu ya paa. Anza na nyeupe. Ikikauka kabisa, funga paa kwa tepu nyembamba, kisha pulizia tena nyeupe kidogo juu ya ukingo wa tepu. Hiyo nyeupe ndiyo itakayoingia kwenye vinyweleo vya tepu na kuviziba, ili buluu ikija isipate pa kupenyea. Tepu ibandue buluu ikiwa haijakauka sana, ukiivuta kurudi nyuma juu yake yenyewe.

Utajuaje imekauka? Inuse. Kama bado unasikia harufu ya thina, bado inatoa mvuke, iache. Mimi huwa naipa wiki nzima kabla ya klia, na wiki nyingine kabla ya kung'arisha kwa msasa wa 2000 na dawa ya kupolishi. Ukipolishi epuka kingo na migongo ya mapezi. Rangi ya hapo ni nyembamba na plastiki hutokeza mara moja.

Ukitaka rangi yenye chembe za chuma, chagua iliyosagwa laini. Chembe ikiwa kubwa, kwa macho ya 1/25 ni kama umemwagia gari changarawe.

Hatua ya 7: Injini

V8 ya inchi za ujazo 283, yaani lita 4.6, ilipakwa rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu. Giaboksi ya Powerglide ya mwaka huo ilikuwa na kasha la chuma cha kusubu, kwa hiyo ipake kijivu cheusi cha chuma; wanaoipaka alumini wanaikumbuka iliyokuja mwaka 1962. Manifoldi za ekzosi zipake kijivu, halafu zipanguse kwa unga wa chaki ya kahawia. Kutu kidogo hapo ni halali, hata gari jipya huipata baada ya wiki.

Nyaya za plagi ndizo zinazomfanya mtu ainame aangalie. Waya halisi una unene wa milimita 7. Gawa kwa 25 upate 0.28. Unyuzi wa shaba kutoka kwenye waya wa simu za zamani mara nyingi ni mnene mno. Tumia waya wa 0.3 uliofunikwa. Distributa ya injini hii ipo nyuma kabisa, karibu na ukuta. Toboa kwenye kofia yake matundu manane kuzunguka na moja katikati la waya wa koili. Hilo la kutoboa matundu tisa kwenye kofia yenye mduara wa milimita 3 lifanye chini ya taa kali, na uweke alama kwa sindano kabla ya kila tundu, la sivyo biti itateleza.

Silinda huhesabiwa kuanzia mbele: kushoto, upande wa dereva wa Marekani, ni 1, 3, 5, 7, kulia ni 2, 4, 6, 8. Mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, kwa mzunguko wa saa. Ukiufuata, kila waya utakwenda kwenye plagi yake halali, na fundi wa magari akifungua boneti yako ataufuata kwa kidole. Kiwandani nyaya zilishushwa nyuma ya injini zikapita chini ya manifoldi. Usizitandaze juu ya vifuniko vya valvu kama gari la mashindano.

Hatua ya 8: Chesi, magurudumu na ndani

Fremu ni nyeusi isiyong'aa sana. Uking'arisha chini ya gari kama juu, modeli inarudi kuwa mwanasesere. Ekzosi ipake rangi ya chuma kilichoungua, iliyofifia kuelekea nyuma.

Matairi ya plastiki nyororo huwa na uzi katikati ya uso wake. Usugue kwa msasa mpaka pawe pakavu, pasing'ae. Mkanda mweupe wa matairi ya 1957 ulikuwa mpana, inchi 2 na kitu, kwa hiyo kwako ni milimita 2 na kitu. Kisha sugua chini ya kila tairi kidogo tu, upate ubapa wa kama milimita 3. Gari la tani moja na nusu hukandamiza matairi yake, na ubapa huo mdogo hulifanya litue sakafuni kwa uzito.

Ndani sitakaa sana, paa litaficha mengi. Tofautisha mng'ao: vinaili ing'ae kidogo, kitambaa cha viti kising'ae kabisa, dashibodi iwe kama rangi ya nje. Zulia linatengenezwa kwa unga wa sufi: nyoa uzi wa sufi kwa mkasi mpaka uwe vumbi, paka sakafu rangi nzito, nyunyiza ikiwa mbichi, kung'uta ziada. Bel Air ya milango miwili isiyo na nguzo ya kati ina madirisha mapana, kwa hiyo usukani na mlango wa dereva vitaonekana; hapo weka bidii.

Hatua ya 9: Kromu na dhahabu

Kromu ya seti ni nene na inang'aa kupita kiasi, na kila ulipokikata kipande kwenye fremu pamebaki kovu. Kama bampa zina mistari ya kalibu, toa kromu yote. Loweka kwenye dawa ya kufulia ya klorini, hii Jik ya dukani, kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko; inatoka bila kuidhuru plastiki. Usiichanganye na siki, amonia wala sabuni ya chooni, gesi yake inaua. Safisha mistari, piga rangi nyeusi inayong'aa sana, halafu kromu ya kupuliza juu yake. Nyeusi ya chini ndiyo inayoipa kromu kina cha kioo, kwa hiyo ikiwa na vumbi kromu nayo itakuwa na vumbi.

Mapambo ya bodi yote ni foili: ukingo wa madirisha, mkanda wa ubavu, na lile bamba la alumini lenye mistari. Kata kipande kikubwa kuliko unavyohitaji, kilaze bila kukivuta, kigandamize kwa pamba ya masikio kuanzia katikati, kisha kwa kijiti cha meno kwenye mifereji. Tia wembe mpya. Kata kwa mvuto mmoja, uzito wa kisu chenyewe utoshe. Ukirudia mara mbili kwenye mstari mmoja utaona nyuzi mbili za fedha. Kwa kona ya pezi la nyuma mimi hutumia vipande viwili vinavyolaliana milimita moja, kwa sababu kipande kimoja hujikunja na mkunjo hauondoki. Na kumbuka kwamba kifuniko cha tangi la mafuta cha gari hili kimefichwa kwenye kromu ya pezi la kushoto. Chora kistari chembamba hapo, na mwenye Bel Air akikiona atakushika mkono.

Dhahabu usiitafute kwenye kopo la dhahabu, huwa ya matope. Grili, vishale na ile V ya kwenye boneti vitie kromu kwanza, kisha paka juu yake rangi ya njano inayopitisha mwanga, yenye tone la chungwa la aina hiyo hiyo. Kwa wenye rangi za Tamiya ni X-24 na X-26. Mwanga unapita kwenye rangi, unagonga kromu, unarudi ukiwa dhahabu. Kwenye matundu ya grili pitisha nyeusi iliyoyeyushwa sana, ikae ndani, na sehemu za juu zibaki zinawaka.

Hatua ya 10: Vioo na kufunga

Vioo hubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao. Supaglu inapokauka hutoa mvuke unaotua kwenye kioo na kukiacha cheupe, na ikishatokea ndani ya gari lililofungwa hakuna pa kuingiza kitambaa. Shika kioo kwa kibanio kilichofungwa tepu, paka gundi kama uzi kwenye ukingo, weka, acha usiku.

Mianya ya milango sasa ipitishie rangi nyeusi iliyochanganywa na kahawia, majimaji kabisa, kwa brashi nyembamba kuliko zote ulizonazo. Gusa tu, itakimbia yenyewe ndani ya mstari uliouchimba kwenye hatua ya tatu. Futa ziada kwa kidole chenye unyevu.

Halafu bodi lishuke juu ya chesi. Lianzie mbele, lipite rejeta, ndipo ulishushe nyuma. Likigoma usilazimishe, kuna kipande kimezidi, na kwa kuwa ulifunga gari bila gundi kwenye hatua ya nne, unajua ni kipi.

Ukimaliza, ipige picha kwa kipimo kile kile. Macho ya mtu mzima aliyesimama yapo karibu mita 1.6 kutoka ardhini. Gawa kwa 25, ni milimita 64. Toa modeli nje juani, maana jua hutoa kivuli kimoja tu, kama kile cha gari barabarani. Iweke juu ya ubao uliopakwa kijivu cha lami, geuza simu juu chini ili lenzi ikaribie ubao, uinue kwa vitabu mpaka ifike hizo milimita 64. Simama mbele ya pezi la kushoto, taa ya nyuma iwe karibu nawe na mudgadi wa mbele ukimbilie mbali, kisha bonyeza.